Mvaaji Kwanza: Hotuba kwa Wafumaji wa Lamu Kuhusu Sadaka ya Uzi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mgeni rasmi, masheikh wetu, wauguzi wa wodi ya wazazi mliotenga muda wenu kuja kutusikiliza, mama zangu, shangazi zangu na dada zangu mliotoka Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni, nanyi mliovuka maji kutoka Pate na Faza: nashukuru kwa kupewa nafasi hii ya kusema, na nashukuru zaidi kwa kuwa wengi wenu mmekuja na kazi mikononi, kwani sioni ubaya wowote mtu kusikiliza huku akifuma.

Nimeombwa nizungumzie ufumaji wa sadaka, yaani zile kofia, soksi, blanketi na vitu vingine vya sindano na vya kulabu ambavyo vikundi vyetu vimeazimia kuvitengeneza kabla ya Novemba 17, siku ambayo dunia huwakumbuka watoto wanaozaliwa kabla ya kutimiza miezi yao. Ningeweza kuutumia muda wote huu kuwasifu, na mngestahili, lakini sifa hazimpashi mtoto joto. Ninalotaka kulisema ni kwamba kitu cha sadaka kianzie kwenye mwili wa mtu atakayekivaa, kabla ya kuangalia uzi tulio nao kabatini au mshono ambao vidole vyetu vimeuzoea. Mfumaji asiyemjua mvaaji wake anaweza kufanya kazi ya mwezi mzima, kazi nzuri yenye kutamanika, ikaishia kwenye rafu ya stoo ya hospitali kwa sababu hapana mtu wa kuivaa.

Kabla ya kuingia huko, niiondoe dhana moja. Wapo wanaoamini kwamba kufuma ni kazi ya nchi za baridi, iliyotufikia pamoja na vile vitambaa vya kufunikia makochi, na kwamba mwanamke wa Lamu anayeshika sindano anaiga. Kuhusu kulabu, yaani kroshe, nitakubali kwa sehemu, kwa kuwa ufumaji wa namna hiyo tunaoujua leo ulienea kutoka Ulaya katika karne ya 19. Ufumaji wa sindano una nasaba nyingine kabisa. Miongoni mwa vipande vya zamani kuliko vyote vilivyopata kuonekana ni soksi zilizotoka Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14 hivi, zilizofumwa kwa pamba ya buluu na nyeupe, nyingine zikiwa na nakshi za mfano wa maandishi ya Kikufi. Zilifumwa kwa pamba, katika nchi ya joto, na watu waliosali kama tunavyosali sisi. Nimelitaja hili kwa sababu litatufaa tutakapofika kwenye suala la uzi. Na mji huu wenyewe haujapata kuwa na upungufu wa mikono: kofia za viua, yaani zenye vitundu vidogo vya nakshi, zimeshonwa hapa kwa vizazi, na ukili umesukwa na kuungwa kuwa mikeka katika kila kisiwa cha funguvisiwa hili. Aliyezoea kushona kiua kisichoonekana vizuri ila kwa kukisogeza dirishani hawezi kushindwa na kitanzi.

Sasa nianze na watoto. Mtoto huhesabiwa kuwa njiti akizaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020, na matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuwaua watoto wa chini ya miaka mitano duniani. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi wao wa kwanza. Si wote hao walikuwa njiti, lakini njiti na wale waliozaliwa na uzito mdogo wamo humo kwa wingi, na baridi ni mmoja wa maadui wanaowavamia mapema.

Nasikia mnong'ono, na swali lenyewe nimekwisha kuulizwa barazani mara nyingi, nalo ni swali la haki: katika Lamu hii ya jasho, mtoto ataionea wapi baridi? Jibu ni kwamba mtoto hatoki katika hewa ya Lamu. Anatoka katika tumbo la mama lenye nyuzijoto 37, tena anatoka akiwa amelowa. Chumba chenye nyuzijoto 28, ambacho sisi watu wazima hatukai bila feni, kwake ni pungufu ya nyuzijoto tisa kwa pumzi moja. Majimaji yaliyo juu ya ngozi yake yanapokauka huondoka na joto lake. Mizani ya chuma hulinyonya kwa kumgusa. Upepo wa kusi unaopita dirishani, au feni iliyowashwa kwa kumhurumia mama, hulipeperusha. Na kuta zilizo baridi kuliko mwili wake hulivuta bila hata kugusana naye. Mtu mzima akipoteza joto hutetemeka, na huko kutetemeka kukazalisha joto jingine. Mtoto mchanga hana silaha hiyo, bali hutegemea mafuta maalumu yaliyolundikana mabegani na mgongoni, ambayo mwili huyaweka akiba hasa katika wiki za mwisho za ujauzito. Njiti ametoka kabla ya akiba hiyo kujaa, ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa mno kwa kulinganisha na kiwiliwili, hivyo kwamba sehemu kubwa ya ngozi inayopoteza joto iko kichwani. Mwili wa mtoto mchanga unatakiwa kuwa na joto la kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5; likishuka chini ya hapo na likaachwa lishuke, kunyonya hulegea, sukari ya damu hupungua, na kupumua huanza kuwa kwa shida.

Hivyo kofia ina kazi ya kufanya, na kama kuna mahali ambapo ina kazi zaidi ya wodini ni katika boti. Mama anayepewa rufaa kutoka Faza au Kizingitini huletwa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa bahari, pengine usiku, na matone ya chumvi yakiruka juu ya boti, na ikiwa mtoto amekwisha kuzaliwa, basi upepo ule ninaoujua mimi na mnaoujua nyinyi ndio upepo wake wa kwanza duniani. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba sehemu ya kofia zetu isiishie katika hospitali ya mjini, bali iende kwenye zahanati za visiwani, zikae pale, ziwe tayari kabla ya boti kung'oa nanga.

Hata hivyo, nisiwapotoshe. Kofia peke yake haimwokoi njiti. Kinachomwokoa ni kifua cha mama. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika watoto wa namna hii na mashine za joto zisizowatosha, akaanzisha utaratibu wa kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima kati ya matiti, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa. Njia hiyo ndiyo iliyopewa jina la mnyama kangaruu. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa msaada wa maskini wasio na mashine, mpaka utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu wa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulipoonyesha kuwa watoto wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8, wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungojwa hali yao itulie, vifo vyao hupungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba utaratibu huo uanze mara moja, na uendelee kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Naomba muangalie mavazi ya mtoto huyo aliye kifuani, kwa sababu hapo ndipo sindano zetu zinapohusika. Amevaa nepi, soksi na kofia, basi. Kifua chake ki wazi, tumbo lake li wazi, na leso ya mama inayashika yote hayo mahali pamoja. Hakuna sweta wala fulana. Nimeona katika orodha ya mapendekezo yetu kwamba kikundi kimoja kinakusudia kufuma sweta ndogo zenye vifungo vya lulu kwa ajili ya wodi hiyo, na nia ni njema, lakini sweta hiyo itatenganisha ngozi mbili ambazo kazi yote ya madaktari ni kuzikutanisha. Sweta hizo mziuze, tununulie uzi wa kofia.

Na kofia yenyewe ina vipimo. Mtoto aliyetimiza miezi ana kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi. Wa wiki 32 ana kama sentimita 29, na wa wiki 28 ana kama 26, maana yake ni kichwa kisichozidi chungwa kubwa. Kitambaa cha kufuma hunyumbuka, kwa hiyo kofia iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita mbili au tatu, ishike bila kubana, na pindo lake lishuke mpaka lifunike masikio. Tatizo la kofia nyingi za sadaka ni kwamba mfumaji huwa anamfikiria mtoto mnene wa kwenye pakiti za maziwa. Akivishwa njiti, humshuka mpaka machoni, na muuguzi mwenye watoto wengine wa kuangaliwa hana muda wa kusimama hapo akiipandisha. Fumeni kwa vipimo vitatu, na kila kipimo kiwe na uzi wa kutambulisha pindoni, ili anayeichukua asihitaji futi.

Mishono iwe ya kubanana. Hapa ndipo ufundi wetu wa viua unapotakiwa kukaa kando, kwa sababu kila tundu ni njia ya joto kutoka. Kwa wanaotumia kulabu, nakumbusha kwamba kazi ya kulabu ni nene na hainyumbuki kama ya sindano, hivyo chagueni uzi mwembamba na mshono mfupi, la sivyo kofia itasimama kichwani badala ya kukaa. Ndani kusiwe na ncha za uzi zinazoning'inia. Hili si suala la urembo: uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi unaweza kuzunguka kidole cha mguu cha mtoto mchanga, ukakaza, na kuzuia damu bila mtu kujua mpaka kidole kimevimba. Kwa sababu hiyohiyo sipendi glavu za kufuma kwa watoto wachanga, na ningeomba tusizifume kabisa. Vifungo, shanga, utepe na vishada vya manyoya juu ya kofia vyote viachwe, na uzi wenye kunyonyoka nyoyanyoya usitumike, kwa kuwa mtoto huzivuta puani.

Kuhusu uzi, najua kuna wenye imani zao, nami nina yangu. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na hilo ni sifa kubwa. Lakini ikifuliwa kwa maji ya moto husinyaa ikawa ngumu, na nguo za hospitali haziwezi kukwepa maji ya moto. Akriliki ni rahisi, rangi yake haichujuki, nayo ndiyo inayojaza maduka. Lakini hainyonyi jasho, na ikiguswa na moto huyeyuka na kuganda mwilini. Pamba hunyonya jasho na hustahimili kuchemshwa, isipokuwa ikilowa hukaa na maji na kupoa, na kofia iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa na kofia. Mimi kwa wodi ningechagua pamba nene iliyo laini, na kila mtoto apewe kofia zaidi ya moja ili kuwe na ya kubadilisha. Wauguzi walio hapa wakisema vinginevyo, neno lao litangulie langu.

Lipo jambo ambalo lazima liandamane na kila kofia tunayoitoa, nalo ni onyo. Kofia ya wodini ni ya wodini, na ya safarini ni ya safarini. Mtoto akishanenepa, akarudi nyumbani, akalazwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa, kofia hiyohiyo inaweza kumdhuru kwa kumzidishia joto, kwa sababu kichwa ndicho anachokitumia kulipunguza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu usingizi salama, kimeshauri watoto wasilazwe na kofia ndani ya nyumba, isipokuwa katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa au wakiwa katika wodi maalumu. Ikiwa ushauri huo unafaa kwa nchi zenye theluji, basi kwa nyumba za Langoni mwezi wa Machi unafaa mara mbili. Bibi zetu wanapenda kumfunika mtoto gubigubi mpaka jasho limtiririke shingoni, na wanafanya hivyo kwa mapenzi; inatupasa tuwaeleze kwa upole, wala tusiwaache wadhani kwamba kofia iliyotoka hospitali ni dawa ya kuvaliwa mpaka itakapochakaa.

Blanketi nitazipitia haraka. Zinapendeza, zinapigika picha, na hapa kwetu hazina wavaaji wengi. Afrika Kusini kulianzishwa mwaka 2013 harakati ya kufuma blanketi 67 kwa heshima ya Nelson Mandela. Carolyn Steyn ndiye aliyeianza baada ya kuchokozwa na Zelda la Grange, aliyekuwa katibu wa Mandela, na ikakua mpaka hata wafungwa magerezani wakawa wanafuma. Lakini majira ya baridi ya Johannesburg si kusi ya Lamu. Anayetaka kufuma blanketi na afume nyepesi ya pamba, kwa ajili ya wazee wanaolala peke yao Julai na Agosti, na kwanza awaulize kama wanaitaka.

Ninalofuata kulisema nalisema kwa heshima mbele ya masheikh, nami nimeomba ruhusa kabla ya kupanda hapa. Saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya ni ya titi, na baadhi ya dada zetu, katika mji huu na Malindi na kote pwani, wamepona kwa kukatwa titi moja au yote mawili. Mwanamke huyo anapotoka nje akiwa na buibui lake, watu humwona mzima. Yeye mwenyewe anajua kwamba nguo inamkaa upande, kwamba bega moja linapanda, kwamba harusini atakapovaa dirii atakuwa wa kukaa pembeni. Titi la bandia la silikoni lipo, lakini ni ghali, ni zito, na katika hali ya hewa yetu hutoa jasho na kuchubua ngozi ambayo tayari ina kovu.

Nchini Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Barbara Demorest alikatwa titi mwaka 2011, akajikuta hawezi kuvaa lile la silikoni kwa wakati ule, na akaonyeshwa na daktari wake kwamba liko linalofumwa kwa uzi. Baada ya kufumiwa la kwake, akaanzisha shirika la kuwafumia wengine bila malipo, na kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Hufumwa kwa pamba laini, kwa mduara, likajazwa pamba nyepesi ya mito ambayo mvaaji mwenyewe anaweza kuiongeza au kuipunguza mpaka lilingane na la upande wa pili. Hukaa ndani ya sidiria ya kawaida. Hufuliwa kwa mkono na kuanikwa. Uzito wake ni mdogo kiasi cha kusahaulika, na hupitisha hewa, jambo ambalo kwetu sisi si anasa.

Ningependa mwelewe kwa nini naliweka hili juu ya vyote tutakavyovifuma mwaka huu. Kofia za watoto zitapata wafumaji daima, kwa kuwa mtoto anaonekana na picha yake inagusa moyo. Titi la uzi halionekani. Hakuna atakayepigwa picha akilipokea, wala kikundi hakitasimama mbele ya kamera kikiwa kimelishika, na aliyepewa pengine hatamwambia hata dada yake. Sadaka ambayo mkono wa kushoto haukuijua ya mkono wa kulia ni mlango tunaoujua vizuri katika dini yetu, na ni nadra kupata kazi ya mikono inayoingia katika mlango huo kwa ukamilifu namna hii. Masharti yake ni machache: pamba tupu, sufu isiguse kovu, kidonda kiwe kimepona na daktari ameruhusu, vipimo vichukuliwe na muuguzi, faraghani, na kila moja litolewe ndani ya mfuko usioonyesha, kwa mkono wa muuguzi, bila orodha ya majina kurudi kwetu.

Kuna ombi lililoletwa na vijana wetu, la kufuma pweza wadogo wa kuwekwa karibu na njiti. Hapa Lamu pweza tunamjua zaidi sahanini, lakini jambo hili lina asili yake: lilianza Denmaki mwaka 2013, kwa fikra kwamba mtoto hushika minyiri ya pweza huyo kama alivyokuwa akishika kitovu tumboni, na hivyo haivuti mirija ya hospitali. Waanzilishi wake waliweka sheria kali, kwamba uzi uwe pamba tupu, astahimili kufuliwa kwa nyuzijoto 60, na mnyiri ukivutwa usizidi sentimita 22, usije ukamnyonga mtoto. Faida yake kwa mtoto haijathibitishwa kisayansi, na zipo hospitali zinazomkataa kwa kuhofia maambukizi. Mimi nimemweka upande wa kungoja. Wodi ikimtaka, tutamfuma kwa sheria hizo, isipomtaka, asipelekwe.

Hilo la kungoja kutakwa lina ushahidi wake. Januari 2015, baada ya mioto ya misitu ya Australia, shirika la kutetea wanyama la IFAW liliomba watu washone vifuko vya pamba vya kuvisha nyayo za wanyama waitwao koala zilizoungua. Ombi lilikuwa la kweli na lilitaja kitambaa na kipimo. Dunia ikaitikia kwa wingi kiasi kwamba haukupita muda mrefu wakawa wanawashukuru watu na kuwaambia vimetosha. Mwenye kupokea ana gharama: anafungua vifurushi, anapanga, anafua, anatafuta mahali pa kuweka. Ndiyo sababu nasema kila kikundi kiulize kabla ya kuanza, kiulize tena katikati, na kiambiwapo basi, kiache, hata kama uzi umebaki.

Na tusitoe makapi. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Sidhani kama kuna kipimo kizuri kuliko hicho kwa kofia yenye mishono iliyoruka, iliyofumwa na anayejifunza kwa uzi wa mabaki uliokwisha kunuka kabati. Anayejifunza na ajifunze, afumue, afume tena. Kazi yake ya kwanza abaki nayo nyumbani. Uzuri wa kitanzi ni kwamba kinafumuka na uzi unarudi mzima.

Ninalo neno pia kwa viongozi waliokuja. Wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuharibiwa na ugonjwa, watawa na wanawake wenye uwezo hawakuishia kugawa chakula. Waliwafundisha wasichana na wanawake maskini kufuma lesi ya kulabu, kwa kuwa kulabu na uzi havigharimu sana na vinabebeka popote, na kazi hiyo ikauzwa London na Paris na kulisha familia nyingi. Sadaka yao ilikuwa kulabu. Nasi tunao wasichana hapa Lamu walioacha shule, tunao wajane, tunao wanawake ambao waume zao wavuvi hawakuvuka salama, na ningependa kuona fedha za kaunti zikinunua uzi na sindano kwa ajili yao, wafume kofia za wodi kwa malipo, badala ya kila mwaka kutegemea hisani ya sisi tulioshiba. Naomba radhi kama nimelisema kwa ukali, lakini sitalirudisha. Kazi ya mikono ya mwanamke imezoeleka kuitwa mapenzi ili isilipwe, na anayefuma kofia kumi akiwa na watoto wenye njaa nyumbani hatoi sadaka, anatozwa.

Basi utaratibu wetu uwe hivi. Kofia zote zikusanywe siku kumi kabla ya Novemba 17, si siku yenyewe, kwa sababu zinatakiwa zifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato, zikaushwe kabisa na kufungwa katika mifuko safi kwa kipimo chake. Mafungu ya Pate, Faza na Kizingitini yatangulie, kwa kuwa boti hazingojei. Matiti ya uzi hayakusanywi pamoja na kofia. Atakayeyafuma atayakabidhi moja kwa moja kwa muuguzi atakayetajwa, naye ndiye atakayesema ni vipimo gani vinavyohitajika. Picha zipigwe za kazi zetu tukitaka, lakini asipigwe mama wala mtoto aliye wodini. Uzi wa pamba uko kwenye meza iliyo karibu na mlango, na fundi wa vipimo atakaa hapo mpaka adhuhuri. Sasa nampisha muuguzi wetu, ambaye amekuja na mwanasesere mwenye uzito wa kilo moja na leso mbili, ili atuonyeshe jinsi mtoto anavyofungwa kifuani na kofia inavyotakiwa kukaa. Mlio nyuma, sogeeni mbele mpate kuona.